Bedan Aliposema Rudia

Bedan Chege hakuweza kutamka L hata ungemshikia kisu. Lori kwake ilikuwa rori, leo ilikuwa reo, na ukumbi wetu wa Kaloleni aliuita Karoreni bila haya. Sikuwa na neno, maana hata sisi Wakamba tuna yetu. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi, na mwimbaji aliyetuletea aliitwa Lydiah. Kinywani mwa watu wa mtaa Lydiah akawa Ludia, na kinywani mwa Bedan Ludia akawa Rudia. Sasa niambie wewe: kiongozi wa bendi, ambaye kazi yake ni kuwaambia watu warudie, anakwenda kutafuta mwimbaji anayeitwa Rudia. Akili za wapi hizo?

Mazoezi yakawa vurugu. Nikikosea kwenye piano, Bedan anapaza sauti kutoka nyuma ya dramu zake, "Rudia!" Mimi, Ndeti wa besi na Mulama wa saksafoni tunarudi mwanzo wa wimbo, na Lydiah anainua kichwa anaitika, "Naam?" Siku nyingine ni Lydiah anayeitwa aingie, na sisi watatu tunarudi mwanzo mbio mbio, tunamwacha maskini katikati ya neno lake. Nikachoka. Nikamwambia Bedan mbele ya wote kwamba huyu mwanamke ana jina la kwao, anaitwa Wangu, jina halina L wala nini, amwite hilo tuishi kwa amani. Tukakubaliana. Siku hiyo hiyo akajaribu.

"Wangu, ingia."

Mulama akashusha saksafoni na kumwuliza kwa upole, "Wako tangu lini?"

Ndeti alicheka hadi akaishikilia besi asianguke. Nami nilicheka, sitadanganya. Bedan alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari kule Industrial Area, na mikono yake ingeweza kumwinua Mulama pamoja na saksafoni yake na kuwatupa nje. Lakini alikaa tu pale, mtu mzima mwenye mvi, akitazama viatu vyake. Lydiah hakucheka. Tangu siku hiyo jina Wangu halikutoka tena kinywani mwa Bedan. Akarejea kwenye Rudia yake, nasi tukavumilia.

Nieleze jinsi tulivyompata. Lydiah alifundishwa kuimba na sista mmoja Mwitaliano, kwenye misheni huko upande wa Nyeri. Na usifikiri ni kuimba kwa kwaya. Ilikuwa opera, ule uimbaji wa kuvuta pumzi kutoka tumboni na kujaza jumba zima bila maikrofoni. Alipohamia Bahati kushona sare za shule, aliimba huku akianika nguo, na jirani wa kwanza kumsikia alitoka mbio kuuliza nani ameuawa. Bedan alikuwa anapita na baiskeli. Akasimama. Wakati huo, mwaka wa sabini na sita, tulikuwa bendi ya jazi ya watu wanne isiyo na mwimbaji na, nisiseme uongo, isiyo na wasikilizaji. Akaja kwangu jioni hiyo akisema tutachanganya opera na jazi. Nikamwambia akapimwe kichwa.

Halafu nikamsikia mwenyewe, nikanyamaza. Wimbo wake mkubwa ulikuwa wa Kitaliano, na mara ya kwanza nililia nikidhani humo ndani kuna msiba mzito. Kumbe ni mwanamke analia kwa sababu wamekata mlimau uliopandwa na mamake. Alipotueleza hivyo nililia tena, maana hata mimi ningelia.

Bedan aliupanga hivi. Kwanza Lydiah anauimba wote kama alivyofundishwa, na chini yake ni piano peke yake. Kisha sisi tunaingia na kufanya kile ambacho kwetu tulikiita kuzurura. Kila mmoja kwa zamu yake anauacha wimbo ulivyoandikwa na kutembea nao anakotaka, huku wenzake wamemshikia mapigo asipotee. Mwisho mimi napanda ngazi kwenye piano, sauti moja juu ya nyingine, Lydiah anapanda nami, na tukifika juu kabisa tunanyamaza wote, hata dramu. Noti ya mwisho inabaki yake peke yake.

Bedan alitaka Lydiah naye azurure. Hapo alikataa katakata. Mulama alimfundisha kusema dubi-dubi na la-la-la, akajaribu kidogo, akaona haya, akafunga mdomo.

"Saksafoni haihitaji maneno," alituambia. "Mimi nikifungua mdomo lazima niseme kitu. Kwenye wimbo wa sista kuna maneno. Huko mnakozurura hakuna. Niseme nini?"

Bedan akasema basi, yeye ashike ile noti ya juu, kuzurura tumwachie Mulama. Na hivyo ndivyo tulivyopiga, na watu wakaanza kuja.

Halafu Lydiah akapotea. Alisema anakwenda kumuuguza mamake. Aliporudi, miezi ilikuwa imepita, amekonda, na shingoni anavaa skafu, jua liwake lisiwake. Wanaume wetu wakasema ni fasheni. Wanaume hawa, jamani, ungeingia ukumbini na kichwa mkononi wangekwambia nywele zimependeza.

Mimi ndiye niliyeona. Ilikuwa Jumapili ya onyesho lake la kwanza tangu arudi, tuko nyuma ya ukumbi penye mfereji wa maji, akafungua skafu anawe shingo. Kovu lilikuwa chini ya koo, limetoka upande mmoja hadi wa pili, bado jekundu. Kumbe hakuenda kumuuguza mtu. Alikuwa amepasuliwa goita, ule uvimbe wa shingo, na daktari alimwambia mapema kwamba hapo wanapokata ndipo mishipa ya sauti inapopita. Sauti yake ya chini ilikuwa imerudi yote. Ile ya juu ilikuja siku inayotaka yenyewe, na siku isiyotaka ulitoka upepo mtupu.

Nikamwuliza, na ile noti ya mwisho je? Akasema jana ilikataa. Juzi ilikuja. Leo hajui, hataki kuijaribu asije akaichosha. Nikamwambia twende sasa hivi kwa Bedan abadilishe mwisho wa wimbo. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Mama Kioko, sikurudi hapa kuimba nusu wimbo nihurumiwe. Leo ndiyo mwisho. Isipotoka leo, siimbi tena mbele ya watu. Hata kanisani. Nitashona nguo zangu na nitanyamaza."

Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa, na hasira zikanipanda hadi masikioni. Mtaani kwetu kulikuwa na watu wenye sauti mbaya ambao hawakunyamaza mwaka mzima, majirani wote tuliwajua kwa majina, na huyu ndiye aliyekuwa anapanga kunyamaza. Nami nilimjua vizuri. Lydiah hakuwa mtu wa kutishia. Alivyosema ndivyo angefanya.

Kiapo ni kiapo, lakini hakikunizuia kwenda kwa Bedan kwa njia nyingine. Nikamkuta anafunga matoazi yake. Nikamwambia, kama vile ni wazo la kunijia tu, kwamba pale mwisho tungeacha matoazi yalie kidogo chini ya sauti ya Lydiah, ingependeza. Hakuinua hata macho. Akasema hapo hapaguswi, noti ile isimame peke yake, hilo ndilo jambo zuri kuliko yote tunayofanya na nisimharibie. Nikamwita kichwa ngumu. Akasema ndiyo, na akaendelea kukaza skrubu.

Ukumbi ulijaa. Wengi walikuja kwa ajili ya bendi ya rumba iliyotufuata, na vijana wa mbele walishasimama tayari kucheza. Piano ya ukumbi ilikuwa na kitufe kimoja bubu, nami nilikuwa nimezoea kukiruka, lakini siku hiyo nilikipiga mara mbili nikiwa bado kwenye sauti za kufungua wimbo. Lydiah alisimama kando yangu na skafu yake ya kijani, mikono ameikutanisha mbele kama sista alivyomfundisha, na ukimtazama usingedhani ana jambo.

Akaimba mlimau wake. Sauti ilitoka safi, nzito kuliko zamani, na hata wale vijana wa mbele walikaa. Nikaanza kupata matumaini. Tukaingia kuzurura. Ndeti alitangulia na ile besi yake, ambayo shingo yake ilivunjika akachonga nyingine kwa mkono wake huko Pumwani, palepale anapochongea vinyago. Mulama akafuata, akaenda mbali, akarudi, akaenda tena, watu wakaanza kupiga makofi. Mimi sikufurahia hata kidogo. Kila Mulama alipovuta pumzi nilimwomba kimoyomoyo asimalize. Lakini alimaliza, akainama, na zamu ikaja ya ngazi yangu.

Nilipanda polepole. Nilipanda polepole kuliko tulivyowahi kufanya, nikiongeza sauti ambazo hazikuwepo, na Bedan akanitolea macho kutoka nyuma ya dramu. Lydiah alipanda nami, hatua kwa hatua, bado safi. Chini ya skafu niliona koo lake linafanya kazi. Ngazi ikaisha. Ndeti akashika nyuzi zikatulia, Mulama akatoa mdomo kwenye saksafoni, Bedan akainua mikono. Kimya.

Lydiah akafungua mdomo, na ukatoka upepo.

Akajaribu tena hapo hapo, nikamwona anasukuma, na kilichotoka kilikwaruza kama mlango wa kabati. Mtu akacheka. Mwingine huko nyuma akawika mithili ya jogoo, na kundi zima likamuunga mkono kwa kicheko. Laiti ningemjua yule mtu, hadi leo ningekuwa namtafuta. Lydiah alifunga mdomo. Akaweka mkono shingoni, juu ya skafu, akaipapasa kidogo. Kisha akageuka na kuanza kutembea kuelekea mlango wa pembeni.

Hakukimbia. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu anayekimbia utamkuta nje analia, utambembeleza, mtarudi. Huyu alikuwa anatembea kama mtu aliyemaliza kazi yake na sasa anakwenda nyumbani. Katika ukumbi ule wote ni mimi peke yangu niliyejua anatembea kwenda wapi, na nilikuwa nimeapa.

Hapo ndipo Bedan aliposema.

"Rudia!"

Mikono yangu haikuniuliza. Ilirudi mwanzo wa wimbo yenyewe, kama ilivyorudi katika mazoezi yote yale, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshapiga sauti ya kwanza. Ndeti akaingia. Mulama akaokota saksafoni akaingia. Nilimlaani Bedan ndani ya roho yangu. Nani anarudia wimbo uliovunjika mbele ya watu, huku mwenyewe anaondoka? Lakini amri ilikuwa amri. Nikageuka nimwangalie, na sikuelewa nilichokiona. Bedan alikuwa amesimama wima, mikono mitupu, vijiti viko sakafuni. Hakuwa anapiga chochote.

Lydiah alikuwa ameshika komeo la mlango. Akasimama. Nilimwona mgongo tu, na nikaona mabega yanainuka, ile pumzi ya sista. Akageuka. Midomo yake ilikuwa inachezacheza, kama mtu anayeonja neno kabla ya kulisema.

"Ruuu," akaimba, chini kabisa, kule ambako sauti yake ilikuwa imepona. "Ru-di-a."

Alikuwa ameshika lile neno la Bedan na kuliimba, kwa sauti ile ile ya kulilia mlimau, kifua kimejaa, lakini halikuwa kwenye wimbo wa mtu yeyote. Akalirudia, akalivuta. Akaacha "Ru" itetemeke hadi nikaogopa, akaidondosha "di" juu ya uzi wa Ndeti, na "a" akaifungua taratibu huku anatembea kurudi katikati ya jukwaa. Mulama akamjibu kwa sauti tatu tu. Lydiah akazichukua zile tatu, akazigeuza, akamrudishia. Mulama akanitazama mimi, macho makubwa. Lydiah alikuwa anazurura! Yule aliyetuuliza aseme nini, alikuwa amepata la kusema, akatuacha sisi sote nyuma tukimfuata tunahema.

Hakuna aliyewika sasa. Lakini mimi nilijua kilichokuwa mbele. Wimbo ulikuwa unazunguka, na kwenye mzunguko wake kulikuwa na ile ngazi, na juu ya ngazi ni pale pale. Nikaamua kuikwepa. Nikaanza kugeuza chini, kumpeleka mahali salama. Lydiah akanitazama. Akainua kidevu, juu. Nikatikisa kichwa. Akainua kidevu tena, bila tabasamu.

Nikapanda. Mungu ndiye anayejua nilivyopanda, machozi yananitoka, nikakipiga hata kile kitufe bubu. Ndeti akatulia, Mulama akatulia. Kimya tena, ukumbi mzima haupumui, na Lydiah peke yake katikati. Akafungua skafu, akaishika mkononi, kovu likaonekana na kila mtu aliyekuwa na macho. Kisha badala ya kupanda, akashuka. Akaiacha sauti iteremke kutoka pale juu tulipomwacha, polepole, chini ya alipoanzia, chini ya pale mwanamke wa opera anapokubaliwa kufika, hadi ikabaki nusu kuimba na nusu kusema. "Rudia." Akaishikilia hapo hadi pumzi ikaisha.

Mama mmoja wa mbele akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, na vijana wa rumba wakapiga miluzi. Sikusikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimeweka kichwa juu ya piano.

Tukakutana nyuma, penye mfereji. Lydiah alikuwa anakunywa maji kwa viganja, shingo wazi. Bedan alifika wa mwisho, na mimi sikumpa nafasi ya kupumua. Nikamwuliza ni kiongozi gani anayetuamuru turudie wimbo ulioharibika, halafu anasimama kama mlingoti na kutuacha bila dramu. Nikamwambia kama Lydiah asingegeuka tungekuwa vichekesho vya Kaloleni hadi uzeeni.

Bedan alipangusa uso kwa mkono. "Mama Kioko, sikusema turudie," akasema. "Wimbo ulikuwa umeisha. Nilimwona anaenda. Nilikuwa ninamwita tu."

Ndeti akakaa chini juu ya ndoo. Kumbe hakukuwa na amri yoyote. Kulikuwa na mtu aliyeona mwenzake anaondoka, akaita jina lake vile alivyoliweza, na sisi watatu, wajinga tuliozoea kuamrishwa, tukapiga.

Lydiah alifunga mfereji. Alimtazama Bedan, na Bedan naye akalitazama lile kovu, wala hakuuliza.

"Si tulikubaliana uniite Wangu?" Lydiah akasema.

Bedan akamgeukia Mulama. Mulama alikuwa anafuta mdomo wa saksafoni kwa kitambaa, akaendelea kuufuta, ingawa ulikuwa umeshatakata.

"Wangu," Bedan akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Naam," akaitika. Kisha akajifunga skafu yake kichwani badala ya shingoni, akaniuliza Jumapili ijayo mazoezi yanaanza saa ngapi.